Utafiti wa Lishe kwa Shahada ya Uzamili: Namna ya Kukusanya Takwimu za Kuaminika Kijijini

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika lishe huhangaikia sana kichwa cha tasnifu na programu ya kuchambulia takwimu, ilhali kazi yake husimama au huanguka kwenye mkeka wa mama anayeulizwa mtoto wake alikula nini jana, na kwenye ubao wa kupimia urefu uliowekwa chini ya mwembe. Takwimu zikiharibika hapo hazitengenezeki tena ofisini, hata kama mchambuzi ni bingwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mkeka na ubao, na mambo mengine nitayapitia kwa kadiri yanavyogusa kazi hiyo.

Ninawaandikia hasa wanafunzi wa Tanzania, wawe Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, Muhimbili jijini Dar es Salaam au chuo kingine, wanaokusudia kufanya utafiti kuhusu lishe ya watoto walio chini ya miaka mitano na mama zao. Mifano mingi nimeitoa mkoani Dodoma, kwa kuwa ndiko nilikofanyia utafiti wangu wa uzamili na ndiko ninakoendelea kuwasindikiza wanafunzi wengine wanapokwenda kukusanya takwimu.

Swali na msimu

Pendekezo la utafiti lenye lengo la "kuchunguza hali ya lishe ya watoto katika wilaya fulani" halijafikia kuwa swali. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 umekwisha kuonyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16, na mwanafunzi mwenye miezi minne na bajeti ndogo hataongeza mengi kwa kurudia kipimo hicho hicho katika kata mbili. Anachoweza kufanya vizuri kuliko utafiti wa kitaifa ni kuangalia kwa karibu jambo ambalo dodoso kubwa haliwezi kulifikia: nani anamlisha mtoto wakati mama yuko shambani tangu alfajiri, mlenda uliokaushwa unadumu miezi mingapi ghalani, au fedha za kuuza alizeti hupita mikononi mwa nani kabla ya kugeuka kuwa mboga. Chagua swali ambalo jibu lake hulijui, na ambalo mama wa kijijini ana uwezo wa kulijibu.

Msimu ni sehemu ya swali, na hili husahaulika mno. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na mavuno huanza mwezi Mei na Juni. Miezi ya Januari hadi Machi ndiyo ya upungufu, wakati ghala limekaribia kwisha na mboga za majani pori zimeanza kuchipua. Mwanafunzi aliyepanga kwenda Februari, kisha kibali chake kikachelewa hadi Juni, atakuwa anapima kitu kingine kabisa. Afadhali aandike msimu huo waziwazi katika mbinu za utafiti na katika kichwa cha kila jedwali, na asilinganishe matokeo yake na ya mwenzake aliyekwenda wakati wa njaa kana kwamba miezi yote ni sawa. Vivyo hivyo kwa siku: siku ya mnada chakula cha kaya hubadilika, mwezi wa Ramadhani mpangilio wote wa milo hubadilika, na siku iliyofuata harusi si siku ya kawaida kwa mtu yeyote kijijini.

Idadi ya watoto

Nimesoma mapendekezo mengi yenye namba 384 au 385, na waandishi wake wakiulizwa imetoka wapi husema ndiyo inayotumika. Inatokana na kuchukulia kwamba jambo linalopimwa linawapata nusu ya watu, jambo lisilo na sababu unapokuwa na makadirio bora. Kwa udumavu wa asilimia 30 na kosa la asilimia 5, hesabu ni 3.8416 (mraba wa 1.96, kwa uhakika wa asilimia 95) × 0.30 × 0.70 ÷ 0.0025 (mraba wa 0.05), yaani watoto 323. Hata hivyo wengi wetu hatuchagui watoto mmoja mmoja kutoka orodha ya wilaya nzima. Tunachagua vijiji kwanza, na watoto wa kijiji kimoja hufanana kwa sababu wanakunywa maji ya kisima kimoja na kula mavuno ya mvua ile ile. Ukizidisha kwa 1.5 ili kufidia mfanano huo unapata 485, na ukikadiria kwamba kaya moja katika kila kumi haitapatikana, unagawanya kwa 0.9 na kufikia 539.

Namba hiyo humtisha mwanafunzi anayejilipia nauli. Ushauri wangu ni kwamba asiifiche wala asiichakachue. Apunguze sampuli na aeleze gharama yake. Watoto 200, hata kabla ya kuzingatia mfanano wa vijiji, hutoa kosa la karibu asilimia 6.4 badala ya 5, na hilo linaandikika katika sentensi moja ambayo mtahini yeyote mwenye haki ataikubali. Kama lengo lako kuu ni kulinganisha makundi mawili, kanuni hii haikuhusu. Muone mtaalamu wa takwimu kabla ya kuwasilisha pendekezo, maana ukimwendea baada ya kukusanya takwimu atakachoweza kukupa ni pole tu.

Msimamizi na vibali

Msimamizi wako ana wanafunzi wengine, vipindi vya kufundisha na vikao. Usimpelekee sura nzima yenye ujumbe usemao "naomba uipitie, Profesa". Mpelekee kurasa chache zenye maswali mawili au matatu yaliyoandikwa juu kabisa, na baada ya kila kikao mwandikie muhtasari mfupi wa mliyokubaliana. Muhtasari huo humlinda yeye na humlinda mwanafunzi pale maoni ya mwezi wa tatu yanapopingana na ya mwezi wa kwanza. Akikaa kimya wiki mbili, mkumbushe kwa heshima. Kimya chake mara nyingi ni wingi wa kazi.

Kuhusu vibali, anza mapema kuliko unavyodhani inahitajika. Utafiti unaogusa miili ya watoto unahitaji kibali cha maadili, kutoka kamati ya chuo au kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kulingana na aina ya kazi yako. Kwa wanaosoma Kenya, kibali cha kamati ya maadili hufuatwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Baada ya hapo huja ngazi za utawala, ambazo kwa Tanzania Bara hushuka kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa hadi wilayani, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi hata moja, na usimsahau Afisa Lishe wa Halmashauri, ambaye si lazima barua imtaje lakini ndiye anayejua kijiji kipi kimepimwa na mradi mwezi uliopita na wazazi wake wamechoka kuhojiwa.

Swali la jana

Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi. Kipimo kinachotumika sana katika tasnifu zetu ni mahojiano ya chakula cha saa 24 zilizopita, na ugumu wake wa kwanza ni lugha yetu wenyewe.

Nilipoanza kazi yangu, dodoso lililotafsiriwa kutoka Kiingereza lilisema: "Jana mtoto alikula nini?" Katika kaya ya arobaini na kitu hivi, mama mmoja alinijibu bila kusita kwamba mtoto wake wa miezi kumi na minane alikula ugali na mlenda mchana, na ugali na mlenda usiku. Nikaandika, nikashukuru, nikafunga daftari. Kabla sijasimama, dada mkubwa wa mtoto alikuja na kikombe cha bati chenye uji uliotiwa maziwa akamkabidhi mdogo wake, na mama akasema kwamba huo ndio wa kila siku asubuhi. Nilimuuliza kwa nini hakuutaja. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema: "Mwanangu, umeniuliza alikula nini. Uji tunakunywa."

Alikuwa sahihi kwa kila neno, na mimi nilikuwa na zaidi ya madodoso arobaini yasiyo na kifungua kinywa. Tulizirudia kaya zote, na siku nne za bajeti zikaenda hapo.

Katika Kiswahili, kula ni kitendo kimoja kati ya vingi. Mtoto hunywa uji, chai na maziwa, hunyonya ziwa la mama, hutafuna muwa, karanga na mahindi ya kuchoma, humung'unya ubuyu, hufyonza embe, hulamba asali au sukari iliyobaki kijikoni, na huonja mboga jikoni wakati mama anapika. Dodoso linalouliza kula peke yake litapata milo ya ugali na kukosa mengine yote. Swali letu sasa ni refu, nalo huulizwa taratibu: tangu mtoto alipoamka jana hadi alipoamka leo, ni kitu gani kilipita kinywani mwake, iwe amekula, amekunywa, amenyonya, ametafuna au amemung'unya, nyumbani au kwa jirani?

Neno la pili la hatari ni mboga. Mama wa Dodoma au wa Morogoro akisema "tulikula ugali na mboga", mboga hiyo yaweza kuwa matembele, maharage, dagaa au hata nyama, kwa maana ni chochote kinachoshushia ugali. Mdadisi kijana aliyezoea vitabu vya kozi huandika alama kwenye kundi la mboga za majani, na kwa alama hiyo moja protini ya kaya nzima inapotea, au vitamini A isiyokuwepo inazaliwa. Uliza kila mara "mboga gani?", kisha uliza kama ilitiwa kitu kingine, kwani mlenda mwingi hupikwa pamoja na karanga zilizosagwa au unga wa dagaa, na mafuta ya kupikia hayatajwi kabisa yasipoulizwa.

Mahojiano yenyewe yafanywe kwa mizunguko. Kwanza mwache mama ataje kila anachokumbuka bila kumkatiza wala kumuuliza kiasi, kwa kuwa ukianza na "vijiko vingapi?" wakati bado anakumbuka, kumbukumbu hukatika. Mzunguko wa pili ni wa vitu vinavyosahaulika, kama matunda, vinywaji, pipi na vitu alivyopewa na bibi au ndugu. Wa tatu ni wa saa na tukio: alikunywa uji kabla au baada ya mama kwenda kuchota maji? Ndipo huja mzunguko wa viungo na kiasi, na mwisho unamsomea mama orodha yote ili arekebishe. Mahojiano yanayofanywa vizuri huchukua karibu nusu saa kwa mtoto mmoja, na mdadisi anayemaliza kwa dakika kumi anahitaji kufuatwa kesho yake na kutazamwa anavyofanya kazi.

Kiasi ni kigumu zaidi pale watoto wanne wanapokula kwenye sinia moja. Mbinu iliyotusaidia ni kutembea na ugali halisi. Tulimwomba mwenyeji atupikie ugali asubuhi, tukaubeba kwenye hotipoti, na kila mama alimega matonge kama anavyomega mwanawe, akayahesabu kwa kadiri anavyokumbuka, nasi tukayapima kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu moja. Kwa uji tulitumia maji kwenye kikombe chake mwenyewe, tukayamimina kwenye chombo chenye alama za mililita. Usitembee na picha za vijiko vya kitabuni. Chota kwa upawa, bakuli na kikombe cha nyumba hiyo hiyo. Unga nao hununuliwa kwa kibaba au kisado, kwa hiyo pima kisado cha duka la kijiji hicho kabla ya kuandika kilo ngapi, kwa sababu nimekuta visado vilivyobonyezwa chini visivyobeba sawa na vya jirani.

Kumbuka pia mipaka ya kipimo. Siku moja kwa kila mtoto inakupa wastani wa kundi, lakini haikuambii mtoto fulani hula nini kwa kawaida. Ukitaka kusema lolote kuhusu ulaji wa kawaida, rudia siku ya pili isiyofuatana na ya kwanza, angalau kwa sehemu ya sampuli, na sambaza mahojiano katika siku zote za juma.

Wanaohesabu vikundi vya chakula wawe waangalifu na matoleo. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 kipimo kina vikundi 10, na anayefikia vikundi vitano au zaidi ndiye anayehesabiwa kuwa amefikia kiwango cha chini cha mchanganyiko wa vyakula. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 vikundi sasa ni 8, maziwa ya mama yakiwa kimojawapo, na kiwango ni vitano. Toleo la zamani lilikuwa na vikundi 7 na kiwango cha vinne. Ukilinganisha tasnifu yako na ya miaka kumi iliyopita bila kulisema hilo, unaweza kutangaza kwamba hali imezorota kumbe kilichobadilika ni kipimo. Tena kwa wanawake, chakula kisichofika gramu 15, kama dagaa wawili waliotwangwa kutia ladha au kitunguu kidogo cha kuungia, hakihesabiwi kuwa kikundi.

Ubao, mizani na tarehe ya kuzaliwa

Urefu hautoshi bila umri, na umri ndio unaokosewa zaidi. Chukua mtoto wa kiume mwenye urefu wa sentimita 71.5. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mpaka wa udumavu, yaani mikengeuko sanifu miwili (vipimo vya mtawanyiko) chini ya kati, ambayo ni urefu wa mtoto wa katikati wa umri huo, uko kwenye sentimita 71.0 akiwa na miezi 12, na 72.1 akiwa na miezi 13. Mtoto huyo huyo, kwa urefu huo huo, hajadumaa ukiandika miezi 12, na amedumaa ukiandika miezi 13. Kwa hiyo usikubali jibu la "ana mwaka". Omba kadi ya kliniki na uandike siku, mwezi na mwaka kwa macho yako. Kadi isipokuwepo, tumia kalenda ya matukio iliyotengenezwa pamoja na wazee wa kijiji hicho kabla ya kazi kuanza, yenye mavuno, sikukuu, uchaguzi na mafuriko wanayoyakumbuka wao. Kalenda iliyoazimwa kutoka mkoa mwingine haina msaada.

Mtoto wa chini ya miezi 24 hupimwa amelala, na kuanzia hapo hupimwa amesimama. Tofauti ya mikao hiyo ni sentimita 0.7, na programu zinaweza kuirekebisha ikiwa tu umeandika mtoto alipimwaje, kwa hiyo safu hiyo katika fomu isiachwe wazi. Wapimaji wawe wawili kila mara: mmoja ameshika kichwa au magoti, mwingine anasoma. Anayesoma atamke namba kwa sauti hadi desimali, anayeandika airudie kwa sauti kabla ya kuiandika. Nywele zilizosukwa juu ya utosi huongeza hadi sentimita nzima, hivyo mwombe mama afumue msuko wa katikati au upime siku nyingine kuliko kuandika urefu wa nywele. Viatu na nguo nzito vivuliwe. Shanga za kiunoni na hirizi ziachwe kwa heshima na ziandikwe kwenye maelezo.

Mizani iwekwe juu ya ubao mgumu ulio sawa, usiokuwa na mchanga chini yake. Sisi tulitembea na kipande cha mbao nene na pima maji ya fundi, na kila asubuhi tulipima dumu lile lile la maji lililofungwa, ambalo uzito wake ulijulikana. Siku lilipobadilika gramu 300, tulijua mizani imeanguka kwenye bodaboda kabla yeyote hajakiri.

Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, fanya zoezi la kuwalinganisha wapimaji: watoto kumi, kila mpimaji akipima kila mtoto mara mbili bila kuona namba yake ya kwanza. Tofauti kati ya vipimo viwili vya mtu mmoja inaonyesha uthabiti wake; tofauti kati yake na mpimaji mzoefu inaonyesha usahihi wake. Zoezi hili hula siku nzima, watoto hulia na akina mama huchoka, na wanafunzi wengi hutaka kulipunguza. Msilipunguze. Katika zoezi letu aliyekuwa na bidii kuliko wote ndiye aliyekuwa akisoma ubao kwa kuutazama kutoka juu, na kila mtoto wake alikuwa mfupi kwa nusu sentimita.

Mzunguko wa mkono hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Bonyeza pia sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa dole gumba kwa sekunde tatu, na kama shimo linabaki kwenye miguu yote, mtoto huyo ana utapiamlo mkali bila kujali utepe unasema nini. Kukutana na mtoto wa namna hii si jambo la nadra, na ni lazima ujue utafanya nini kabla hujatoka chuoni: zungumza na mganga wa zahanati mapema, andaa fomu za rufaa, tenga nauli, na umweleze mama pembeni, mbali na masikio ya majirani. Mtafiti aliyeandika 10.9 kwenye fomu akaondoka bila rufaa amekosa kwa mtoto, na tasnifu nzuri haitafuta kosa hilo.

Ridhaa isomwe kwa lugha anayoielewa mama. Katika vijiji vingi vya Dodoma akina mama watu wazima wako huru zaidi kwa Kigogo, kwa hiyo tafuta mkalimani asiyekuwa kiongozi wa kijiji, kwani mbele ya kiongozi hakuna atakayekataa na hakuna atakayesema kwamba jana hawakupika. Asiyejua kuandika aweke alama ya dole gumba mbele ya shahidi. Sabuni au zawadi ndogo itolewe mwishoni, baada ya maswali na vipimo vyote, na isiwe chakula.

Kila jioni

Usilale bila kupitia fomu za siku hiyo. Iwe mnatumia karatasi au simu yenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia takwimu, kaeni pamoja mkiwa bado kijijini na mwulize kila jambo lisiloeleweka, kwa sababu kesho mtakuwa kitongoji kingine. Angalia desimali za mwisho: kama urefu mwingi unaishia na .0 au .5, kuna mtu anakadiria badala ya kusoma. Ingiza vipimo katika programu ya Shirika la Afya Duniani, ambayo hutia alama kwa matokeo yasiyoaminika, yaani urefu kwa umri ulio zaidi ya mikengeuko 6 juu au chini ya kati, na uzito kwa urefu ulio zaidi ya 5. Mtoto mwenye alama hiyo apimwe tena kesho asubuhi. Ukisubiri mpaka Morogoro, utakachoweza ni kumfuta. Angalia pia mtawanyiko wa uzito kwa urefu wa watoto wote: mkengeuko sanifu unaopita 1.2 mara nyingi unatokana na vipimo vibaya kuliko watoto wa ajabu.

Waliochukua damu kupima hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, wakumbuke mwinuko. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na matokeo yanapaswa kurekebishwa kabla ya kuitwa upungufu wa damu. Mipaka nayo ilibadilishwa mwaka 2024, ambapo kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 iko gramu 10.5 kwa desilita, na kwa wa miezi 24 hadi 59 imebaki 11.0.

Kutoka sahani hadi jedwali

Majedwali ya viini lishe vya vyakula vya Tanzania yalichapishwa mwaka 2008, na ya Kenya mwaka 2018. Yatumie kwa kufikiri. Unga wa sembe si unga wa dona. Kumvi na kiini vinapoondolewa, sehemu kubwa ya madini ya chuma, zinki na vitamini B huondoka navyo, na mwanafunzi anayechagua "unga wa mahindi" wa kwanza kwenye orodha amepotosha kaya zote kwa mara moja. Mlo wetu mkuu ukiwa wa nafaka na mikunde, fitati, kemikali ya asili iliyomo humo, hupunguza ufyonzwaji wa chuma na zinki, hivyo kiasi kilicholiwa si kiasi kilichotumika mwilini, na sura ya majadiliano lazima iseme hivyo. Ukitafuta sehemu ya kundi isiyopata viini lishe vya kutosha, linganisha na wastani wa mahitaji ya kundi la umri huo, wala si kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mmoja mmoja, ambacho kimewekwa juu makusudi na kitakupa upungufu mkubwa usiokuwepo. Chuma kina utaratibu wake, kwa sababu mahitaji yake hayajatawanyika kwa usawa. Muulize msimamizi kabla hujaanza.

Kuhusu uandishi nitasema machache. Andika sura ya mbinu ukiwa bado kijijini, maana baada ya miezi miwili hutakumbuka mlifanya nini mama alipokuwa hayupo. Utafiti uliopima mara moja hauthibitishi chanzo, kwa hiyo "inahusiana na" isigeuke "inasababisha" unapofika kwenye mapendekezo. Na kosa lililotokea, kama lile la uji, liandike pamoja na ulivyolirekebisha.

Kisha rudi kijijini. Omba nafasi katika mkutano wa kijiji baada ya mavuno, beba karatasi kubwa za kubandika ukutani, na chora watoto kumi, watatu wakiwa wafupi, badala ya kuleta asilimia. Usitaje kaya. Waulize akina mama kama matokeo yanalingana na wanavyojua wao, na kaa na daftari, kwa sababu katika mkutano wetu mama mmoja alisimama akaeleza kwamba mwezi tuliopima ndio mwezi ambao watoto wadogo hupelekwa kwa bibi zao ng'ambo ya korongo ili mama apalilie, na kwamba nusu ya watoto wa kitongoji chake hatukuwaona.

Wiki iliyofuata tulivuka korongo.